Miguu Mirefu ya Kapasita

Nyinyi vijana mnaonipigia simu kuuliza mbona saketi yenu inafanya kazi vizuri mezani na ikifika shambani inapagawa, nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Nimestaafu jamani. Macho yamekataa vitu vidogo na mgongo umekataa kuinama. Mdomo tu ndio haujastaafu, kwa hivyo kaeni niwaambie mara moja, halafu mtaambiana wenyewe.

Mkinipigia, mimi huuliza kitu kimoja kabla ya kuuliza habari ya mama: kapasita iko wapi? Nanyi, kama wajukuu kwa nyanya yao, hunijibu haraka haraka, "Iko, shosh!" Mimi sijauliza kama iko. Nimeuliza iko wapi. Kuna watu wamebadilisha programu wiki nzima, wakabadilisha chipu, wakabadilisha hata mteja, na kumbe shida ni kakitu kadogo kuliko punje ya mahindi kamekaa mahali pasipofaa.

Wengine mnaiweka kwa sababu mmeiona kwenye picha, kwa hivyo wacha niseme kazi yake. Chipu ya maikrokontrola haili umeme polepole kama balbu. Inaupiga mafunda, mafupi na ya haraka, mengi mno ndani ya sekunde moja. Kila funda linataka umeme uwe hapo hapo. Sasa pawa saplai, ile inayoleta umeme, iko mwisho wa waya, na waya haupendi kuharakishwa, hata kama ni mfupi kama kidole. Kwa kitambo kidogo sana volti zinashuka pale mlangoni kwa chipu. Ukiongeza mota inayowaka kando yake, inayovuta na kutupa kelele kwenye waya zile zile, chipu inapoteza akili. Itajizima na kuwaka upya, au itaganda, au itakuambia mambo ya ajabu kwenye skrini. Na usinionyeshe mita yako imesoma volti tano. Mita ni kitu cha pole. Haiwezi kuona jambo lililokuja na kuondoka kabla haijasafisha koo.

Mtu anayesonga ugali hakimbilii mfereji kila akitaka maji kidogo. Ako na maji kwa sufuria, karibu na mkono. Kapasita ndiyo hiyo sufuria. Inakaa imejaa kando ya chipu, chipu ikitaka funda inapewa hapo, na pawa saplai inaijaza tena taratibu. Sasa mtu akiiweka sufuria yake uani, si anaweza kuapa mbele ya pasta kwamba ako na maji? Ako nayo, lakini ugali unaungua.

Haya. Mimi nilifunzwa kazi na Fundi Ndegwa, hapa Nakuru, nyuma ya soko, kwenye ile mistari ya vibanda ambapo siku hizo kila mlango ulikuwa na redio inayokoroma. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule, na mafundi wengine walikuwa wakiniuliza kama nimepotea, kwamba cherehani ziko upande ule. Ndegwa hakucheka. Alinipa nyaya mbili nizishikanishe, akaangalia mikono yangu, akasema, "Haitetemeki. Kaa." Hivyo tu. Alinifunza kunusa transfoma iliyoungua kabla ya kufungua kifuniko, na kugonga bodi kwa mpini wa bisibisi nikisikiliza mahali inapolalamika.

Na alikuwa na sheria moja ambayo ukiivunja, chai ya saa nne huipati: usikate miguu ya kapasita, vile vichuma viwili vya kuishikia kwenye bodi. Vipuri vilikuwa haba. Kapasita nyingi tulizitoa kwenye redio zilizokufa, na ukikata miguu iwe mifupi, kesho hutaweza kuitoa uiweke kwingine. Kwa hivyo tuliiacha mirefu, tukaivalisha mipira ya waya isigusane, na kapasita ikasimama juu ya bodi imenyoosha shingo. Akiokota kipande cha mguu sakafuni, aliuliza kwa upole wa kutisha, "Nani hapa ako na ugomvi na miguu?"

Ilikuwa sheria nzuri, msiicheke. Redio zile zilikuwa na uvumilivu, na sheria hiyo ilifufua nyingi za wakulima kuanzia Dundori mpaka Molo. Mtu akifungua redio na kukuta miguu mirefu iliyovalishwa vizuri, alijua ni kazi ya mtu wa Ndegwa, na alikuwa hana wasiwasi. Mtaa mzima ulifunzwa naye, au na mtu aliyefunzwa naye. Na mtaa mzima ulikuwa na desturi kwamba fundi aliyekufunza humrekebishi. Ukiona amekosea, unakohoa.

Mimi nilijifunza kukata miguu baadaye sana, nikiwa na kibanda changu, kwa kupigwa na kazi. Nilitengeneza taima ya feni za ghala la viazi kule Kuresoi. Kwangu iliwaka siku nzima bila tatizo. Kule, feni moja ikianza tu, taima inasahau saa. Mwenye ghala, mzee mmoja mcheshi, aliniambia, "Mama, hii mashine yako inaogopa upepo?" Nilirudi nayo nyumbani nimenuna, nikasoma, nikajaribu, nikasogeza kapasita mpaka ikagusana bega na chipu, miguu nikaikata kabisa. Ikatulia. Hapo ndipo nilielewa kwamba mguu wenyewe ni waya, na kila waya unaouongeza kati ya kapasita na chipu unaongeza uvivu. Upande wa chanya na upande wa hasi, wote. Wengi wenu mnafupisha upande mmoja, halafu ule wa hasi unazunguka bodi nzima ukitalii.

Sasa tufike Bahati, nje kidogo ya Nakuru, maana huko ndiko nilikojifunza lile jambo lingine, ambalo ni kubwa kuliko kapasita.

Fundi Ndegwa, akiwa na umri ambao wenzake walisharudi shambani kufuga, aliamua kujifunza maikrokontrola. Alikuwa anatazama video kwa simu, simu ameiweka karibu na pua, akisimamisha na kurudisha. Nilimheshimu sana kwa hilo, na bado namheshimu. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kontrola ya inkubeta, ile mashine ya kutotolesha mayai, ya mama mmoja wa huko Bahati tunayemwita Mama Baraka. Yeye ni mjane, na mimi naye tunaimba kwaya moja.

Sasa muelewe mambo ya mayai kule. Mama Baraka hakuwa akitotolesha mayai yake peke yake. Majirani walimletea, kila mtu ameandika herufi ya jina lake kwenye ganda kwa kalamu, na vifaranga vikitoka kila mtu anakuja na katoni yake kuchukua fungu lake. Ni mambo ya kuaminiana tu. Na mara ya kwanza mayai yote yaliharibika. Mashine iliganda, hita ikabaki imezimwa, na hakuna aliyejua mpaka yakapoa. Majirani hawakusema mashine imeganda. Walisema Mama Baraka ameuza vifaranga. Kuna mmoja aliacha kumsalimia kanisani, na mwingine akauliza mbele ya chama chao cha akiba, akicheka, kama sasa mayai ya Bahati yanaanguliwa Naivasha.

Aliwabembeleza wakamletea tena. Mashine ikaanza tena vituko. Ndegwa alikuja, akasema ni stima, kwamba umeme wa kule haujatulia. Akaja tena, akasema ni programu, akaibadilisha. Mara ya mwisho alisema huenda ni jogoo wa hao majirani, amezeeka. Ndipo Mama Baraka akanipigia simu akilia.

"Nyokabi, nimekaa hapa na mkono kwa swichi kama askari. Hata kanisani siendi. Haya yakikufa, mimi nitahama. Haki nitahama. Njoo uangalie, lakini usimwambie mzee."

Nikamwambia, "Kuja nitakuja. Lakini boksi ya fundi wangu siwezi kuifungua nyuma ya mgongo wake."

"Hata kama mayai yanakufa?"

"Nitamleta. Wewe weka maji moto kwa mitungi, uiweke ndani ya mashine, na blanketi juu. Usiondoke hapo."

Nilimkuta Ndegwa kibandani, nikamwambia ukweli: Mama Baraka anahangaika, twende tuangalie pamoja. Alivaa koti lake, akaweka koleo mfukoni. Njiani tuliongea mambo ya mvua tu.

Tulipofika, Mama Baraka alitukaribisha kwa chai, akarudi kusimama kando ya mashine. Mashine ilikuwa inaendelea vizuri, skrini imeandika joto na siku, mayai yamelala kwenye trei na herufi zao. Halafu wakati wa kugeuza mayai ukafika. Relei, ile swichi inayojiwasha yenyewe, ikalia, tak, mota ya trei ikaanza, na skrini ikazimika. Ikawaka tena. Imeandika siku ya kwanza.

"Mmeona?" Mama Baraka alisema. "Mmeona sasa? Ati siku ya kwanza! Vifaranga viko karibu kutoka na hii inaniambia nimeviweka leo!"

Ndegwa alifungua boksi. Jamani, ile kazi ilikuwa nzuri. Solda inang'aa, nyaya zimelazwa na kufungwa pamoja kwa uzi kama nywele zilizosukwa. Na pale mwishoni, kando ya skrubu za kuingizia stima, mbali na chipu, kapasita yake imesimama kwa miguu mirefu, imevalishwa mipira miwili, mwekundu na mweusi. Niliitambua mara moja. Ningeweza kuchora ile miguu nikiwa nimefumba macho, maana nilifunzwa kuivalisha na mikono ile ile.

"Ni programu," Ndegwa akasema. "Nitaibadilisha hapa hapa mkisubiri."

Nikakohoa. Hakunitazama. Nikaangalia mayai. Nitawaambia vile nilihisi: niliogopa. Mimi mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nilimwogopa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, kwa sababu aliniketisha wakati hakuna mwingine aliyetaka kuniketisha. Lakini mama wa watu alikuwa amesimama hapo ananitazama.

"Fundi," nikasema, "kapasita iko mbali."

"Iko."

"Iko, lakini iko mbali na chipu. Na miguu ni mirefu."

Aliweka bisibisi chini polepole.

"Nyokabi, nani alikufunza kushika koleo?"

"Ni wewe, Fundi."

"Basi."

"Aki nyinyi!" Mama Baraka akaruka katikati. "Mnaulizana nani alifunza nani na mayai yanapoa! Fundi, mwache ajaribu. Ikikataa mtukane, mimi nitashika mlango."

Kama si yeye, pengine ningekunywa chai nikarudi nyumbani. Nilimwambia Ndegwa, "Naomba niongeze moja tu. Yako sitaigusa." Akainua mabega. Nikatoa kwenye mkoba kapasita kadogo ka rangi ya manjano kalikoandikwa 104, ndicho kipimo chake, nikakata miguu mpaka kwenye shingo. Niliona akikunja uso koleo ilipolia. Tulizima stima, nikageuza bodi, nikaichomea kapasita solda upande wa chini, ikiunganisha kwa njia fupi kabisa mguu wa chipu wa chanya na mguu wake wa hasi. Nikawasha.

"Bonyeza mota," nikamwambia.

Akabonyeza. Tak. Trei ikageuka, skrini haikupepesa. Akabonyeza tena. Akabonyeza haraka haraka kama mtoto na kengele ya mlango. Skrini ikakaa pale pale.

"Itoe," akasema.

Nikaitoa. Akabonyeza, skrini ikazimika, ikarudi siku ya kwanza.

"Irudishe."

Nikairudisha, ikatulia. Tulifanya hivyo tena, kwa sababu mtu wa kazi haamini kitu kwa kukiona mara moja, na hilo pia alinifunza yeye. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Akatoa koleo yake mfukoni, akaishika kapasita yake mwenyewe kwa kichwa, akakata mguu mmoja, halafu wa pili. Akaisogeza karibu na chipu ile nyingine ya pembeni inayoendesha relei. Ni yeye alisema, "Na kwenye mlango wa stima tuweke ile kapasita kubwa, na kwenye relei dayodi." Alikuwa sawa kwa yote mawili. Wekeni hivyo: kadogo kando ya kila chipu, kubwa mlangoni, dayodi, ile inayomeza kelele ya relei, kwenye koili yake, na nyaya za mota ziwe na njia yao hadi kwa pawa saplai. Halafu jaribuni na mota yenyewe, sio na balbu mezani.

Tulisahihisha siku kwenye skrini. Wakati wa kwenda, Mama Baraka alimshika Ndegwa mikono miwili akamshukuru, na mzee akamwambia, "Usinishukuru mimi, mama. Mimi ndiye nilikuwa naua mayai yako." Alisema hivyo waziwazi, kwa sauti ya kawaida. Machozi yalinitoka nikajifanya ni moshi wa jiko.

Vifaranga vilitoka. Sio vyote, havitokagi vyote, lakini nyumba ilijaa kelele mpaka barabarani. Majirani walikuja na katoni, yule aliyekuwa amenyima salamu akiwa mbele kabisa, na wakaanza kubishana kifaranga gani ni cha nani, kwa sababu herufi zimebaki kwenye maganda. Mama Baraka alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza, "Na mzee yuko wapi? Nimemwita akae hapa mbele apewe soda." Sikujua. Simu yake ilikuwa hailii.

Nilimpata siku hiyo hiyo jioni, kule nyuma ya soko. Wenye vibanda waliniambia kwamba amekuwa akipita mlango kwa mlango, na koleo mkononi. Anaingia, anasema, "Fungua bodi yako nione." Akikuta miguu mirefu anamwambia mwenye kibanda, "Ile nilikufunza ilikuwa ya redio. Hii si redio. Kata." Wengine walifunzwa naye wakiwa vijana, sasa wana mvi. Walikuwa wanasimama wanaposikia hatua zake.

Nilimkuta kwa Chebet. Huyo ni msichana wa rika lenu, alifunzwa na mtu aliyefunzwa na Ndegwa, na anatengeneza kontrola za pampu za maji. Alikuwa na desturi ya kumletea mzee kazi zake aziangalie kabla ya kuzipeleka, na mzee alikuwa akimsifu kwetu, akisema mkono wa yule msichana ni safi. Sasa bodi ya mteja ilikuwa wazi mezani. Mzee alikuwa ameinama juu yake, hakati chochote. Kapasita zote zilikuwa zimekaa kando ya chipu, miguu mifupi, kazi nzuri sana.

"Nani alikufunza hivi?" akamuuliza.

"Nilijifunza tu, mzee. Huku wengi tunakata."

"Tangu lini?"

Chebet akaniangalia mimi. "Kitambo, mzee."

"Na zile unaniletea niangalie? Mbona zile huwa na miguu mirefu?"

Msichana akainamisha kichwa. Alijibu kwa sauti ya chini sana, lakini tulimsikia.

"Hizo ni za kukuonyesha wewe."

Sijawahi kuona mzee akizeeka mbele yangu namna ile. Aliangalia vibanda vilivyokuwa vikifungwa, kimoja kimoja, kama anayevihesabu upya. Nilidhani atafoka. Nilidhani atatoka. Alitafuta mahali pa kukaa, na Chebet akaondoa nyaya kwenye kiti haraka, akakifuta kwa mkono. Mzee akakaa. Akaweka koleo yake mezani.

"Haya," akasema. "Nionyeshe vile vingine mnavyonificha."

Chebet aliogopa. Nilimwambia, "Mwonyeshe." Akavuta droo, akatoa bodi moja, halafu nyingine, akaanza kueleza, mwanzo kwa kigugumizi, baadaye kwa haraka, mikono ikipaa. Mzee alikuwa anauliza, "Kwa nini?" na anasubiri jibu. Tulikaa hapo hadi mlinzi wa soko alipokuja kutufukuza.

Kwa hivyo, nyinyi mnaoniita shosh. Hapo juu nimewaambia kapasita iwekwe wapi, na ninaamini niko sawa. Lakini vitu vinabadilika na mimi nimekaa nyumbani. Siku mtakapojua nimepitwa, nipigieni simu mniambie hivyo hivyo. Nitanuna, mnanijua. Lakini tafadhali, msinitengenezee bodi ya kunionyesha.